Kuomba kufa: jinsi sheria zinavyoisikiliza kauli ya mgonjwa

Tony Nicklinson alikuwa akiongea kwa macho. Kiharusi kilimpata mwaka 2005 akiwa safarini Athens, na tangu siku hiyo mwili wake ukawa hausogei kuanzia shingoni kwenda chini, wala hakuweza tena kutamka neno. Mkewe alikuwa akimshikia ubao mwangavu wenye herufi. Tony anaitazama herufi, anapepesa, mke anaitaja kwa sauti, wanahamia inayofuata. Sentensi moja ilichukua muda ambao mimi na wewe tungemaliza nao mazungumzo mazima. Kwa njia hiyo aliiomba Mahakama Kuu ya Uingereza imruhusu daktari amsaidie kufa. Tarehe 16 Agosti 2012 majaji walikataa, wakisema jambo hilo ni la Bunge kuamua. Siku sita baadaye akafa kwa nimonia, akiwa amegoma kula.

Hakuna jaji aliyedai hakumwelewa. Alichokosa ni sheria inayoeleza mtu mwenye ombi kama lake alipeleke kwa nani, aulizwe nini, na ajibiwe kwa muda gani. Nchi zilizoruhusu watu kusaidiwa kufa kwa hiari zimejaribu kuandika sheria ya namna hiyo, na ukizisoma kwa utulivu utaona jambo la ajabu kidogo: kurasa zinazohusu kufa ni chache, na kurasa zinazohusu kuomba ni nyingi. Nani aanze kulitaja, litajwe mara ngapi, mbele ya nani, na likishatajwa linaendelea kuhesabika mpaka lini. Ugumu wa suala hili uko humo, na ndimo nitakamokaa zaidi.

Kwanza tutenganishe mambo yanayochanganywa

Mgonjwa anayekataa mashine ya kupumulia, au anayesema chumba cha upasuaji hakiingii tena, haombi kusaidiwa kufa. Anakataa tiba, na haki hiyo ipo hata katika nchi nyingi ambazo hazitaki kusikia habari ya kifo cha hiari. Daktari anapozima mashine kwa agizo la mgonjwa, kinachoua ni ugonjwa.

Mofini nayo imesingiziwa mengi. Familia nyingi huamini kwamba sindano ya mwisho ya kutuliza maumivu ndiyo iliyommaliza mzee wao, wakati mofini ikipimwa vizuri na kuongezwa polepole haifupishi maisha kwa namna watu wanavyodhani. Hata Papa Pius XII, mwaka 1957, alikubali kwamba dawa ya maumivu inaweza kutolewa hata kama ingeweza kupunguza siku, ili mradi lengo liwe kutuliza na si kuua. Vilevile mgonjwa ambaye mateso yake yameshindikana anaweza kulazwa usingizi mzito mpaka mwisho wake ufike wenyewe. Hiyo pia ni tiba, ingawa kwa aliyekaa pembeni ya kitanda mpaka unaweza kuonekana mwembamba.

Kusaidiwa kufa ni jambo lingine. Hapa dawa inatolewa kwa lengo la kumaliza uhai, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe ameomba. Ziko njia mbili: mgonjwa anapewa dawa na kuinywa mwenyewe, au daktari anamchoma sindano. Oregon, Marekani, huruhusu ya kwanza tu. Uswisi pia hudai mgonjwa atende kwa mkono wake. Kifungu cha 115 cha kanuni yao ya adhabu, kilichoanza kutumika 1942, humwadhibu anayemsaidia mtu kujiua endapo tu amefanya hivyo kwa ubinafsi. Uholanzi na Kanada, kinyume chake, kwa kawaida ni daktari anayetoa dawa. Watu hupenda kuiita njia hii ya pili kifo cha huruma. Mimi silipendi jina hilo, maana linamweka mbele anayehurumia na kumsahau anayeomba.

Na kuna mpaka mwingine unaostahili kusemwa bila kuzunguka. Mtu anayetaka kufa leo kwa sababu ya deni, kuachwa, upweke au huzuni isiyokwisha, sheria hizi hazikuandikwa kwa ajili yake. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye leo hii, na tiba, na siku hiyo ngumu inaweza kupita. Kama ni wewe, mwambie mtu mmoja kabla ya kuendelea kusoma.

Nchi zilizoruhusu, na masharti yao

Sheria ya kwanza iliyopitishwa na bunge na kutumika ilikuwa ya Northern Territory, Australia. Ilianza Julai 1996, ikatumiwa na watu wanne, kisha Bunge la taifa likaifuta Machi 1997. Oregon ilianza mwaka huohuo wa 1997. Uholanzi na Ubelgiji zikafuata 2002, Luxembourg 2009, Kanada 2016, Hispania na New Zealand 2021, Austria 2022. Colombia ilipitia mahakamani, kwa hukumu ya 1997 ambayo ilikaa karibu miaka 18 kabla ya mtu wa kwanza kuitumia kihalali. Australia ilirudi upya kupitia jimbo la Victoria, ambalo sheria yake ya 2017 ilianza kutumika Juni 2019, na majimbo mengine matano yakaifuata moja baada ya jingine.

Masharti hayafanani. Majimbo ya Australia kwa sehemu kubwa hutaka mtu mzima, mkazi, mwenye akili timamu, ambaye ugonjwa wake unatarajiwa kumuua ndani ya miezi 6, au 12 ikiwa ni ugonjwa wa neva. Oregon ni miezi 6. Uholanzi haihesabu miezi. Huuliza kama mateso hayavumiliki na hayana matumaini ya kupungua. Kanada iliondoa mwaka 2021 sharti la kifo kuwa karibu, na suala la wenye ugonjwa wa akili pekee likaahirishwa hadi Machi 2027. Tofauti hizi si za maneno tu. Tony Nicklinson angeweza kusikilizwa Uholanzi, lakini mswada uliopita katika Baraza la Makabwela la Uingereza Juni 2025, kwa kura 314 dhidi ya 291, usingemsaidia, maana haukuwa na nafasi kwa mtu ambaye bado ana miaka ya kuishi.

Nani aanze kulitaja

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Fikiria chumba cha daktari. Mgonjwa ana saratani iliyosambaa na ameambiwa hakuna tiba tena. Anauliza: "Sasa nimebakiwa na nini?" Swali la kawaida kabisa. Chini ya sheria ya Victoria kama ilivyopitishwa 2017, daktari angeweza kumweleza habari ya dawa za maumivu, kulazwa, kurudi nyumbani, lakini hakuruhusiwa kuwa wa kwanza kulitaja hili. Alipaswa kusubiri mgonjwa alitaje mwenyewe. New Zealand iliandika katazo kama hilo. Western Australia ikaenda njia nyingine: daktari anaweza kulitaja, mradi katika mazungumzo yaleyale aeleze pia tiba zilizobaki na huduma ya shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona.

Kila upande una sababu nzito. Maneno ya daktari yana uzito kuliko ya mtu mwingine yeyote chumbani. Akisema "kuna pia njia hii", mgonjwa anaweza kusikia "umeshakwisha". Lakini ukimfunga daktari mdomo, haki inabaki kwa anayejua jina lake. Mwenye elimu na mwenye intaneti atauliza. Ajuza ambaye hajawahi kusikia jambo hili hatauliza, naye sheria inamhusu sawasawa na yule. Mimi naona Western Australia walikuwa karibu zaidi na haki, ingawa naelewa hofu ya waliotangulia.

Ombi likishatajwa linaanza safari yake. Sheria ya Victoria ya 2017 ilitaka liletwe mara tatu: mara ya kwanza kwa daktari, mara ya pili kwa maandishi, mara ya tatu tena kwa daktari, na kati ya la kwanza na la mwisho zipite angalau siku 9, isipokuwa mgonjwa akikaribia kufa kabla. Madaktari wawili waliopata mafunzo maalumu humpima kila mmoja kivyake. Ombi la maandishi linahitaji mashahidi wawili, na anayetarajia kurithi haruhusiwi kuwa shahidi. Mgonjwa asiye na nguvu ya kushika kalamu anaweza kusainiwa na mtu mwingine. Asiyeweza kuongea anaweza kuomba kwa ishara, au kwa njia yoyote ya mawasiliano aliyonayo, ilimradi iwe wazi. Asiyejua lugha ya daktari anapewa mkalimani aliyeidhinishwa, na mkalimani huyo asiwe ndugu. Watu hukereka hapo: binti amemfasiria baba yake hospitalini mwaka mzima, kwa nini leo akae kimya? Kwa sababu leo hata neno moja likipinda halirekebishiki, na binti, kwa mapenzi yake yote, anaweza kulilainisha au kulitia nguvu bila kujua.

Daktari naye ana kauli. Hakuna sheria kati ya hizi inayomlazimisha ambaye dhamiri yake inakataa kutoa dawa.

Neno moja, maana mbili

Halafu kuna kisa cha simu. Mwaka 2005 Bunge la Australia lilitunga kosa la kutumia simu au intaneti kumchochea mtu kujiua au kumfundisha namna. Walengwa walikuwa wachochezi wa mtandaoni. Miaka ikapita, majimbo yakaruhusu kusaidiwa kufa, na madaktari wakaanza kujiuliza: nikimweleza mgonjwa wangu utaratibu kwa video, nimevunja sheria ya taifa? Daktari mmoja wa Melbourne akaenda kuuliza Mahakama ya Shirikisho. Jibu likatoka Novemba 2023. Sheria za majimbo zinaweza kusema kwamba anayekufa kwa utaratibu huu hakujiua, lakini kwa maana ya kanuni ya makosa ya jinai ya taifa, amejiua.

Matokeo yake utayaona ukiangalia ramani. Western Australia ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.5. Mgonjwa wa mashambani, ambaye daktari wa saratani humpima kwa video kila wiki bila tatizo, akitaja kusaidiwa kufa inabidi daktari aseme: hapa tusiendelee, mpaka tuonane ana kwa ana. Mmoja wao asafiri. Na mara nyingi mmoja wao hawezi kukaa hata kwenye kiti.

Kauli inapopotea kabla ya mwili

Kote nilikotaja, akili timamu ni sharti, na sehemu nyingi inatakiwa iwepo hadi dakika ya mwisho. Kinga hiyo ilimbana Audrey Parker wa Halifax, Kanada. Saratani yake ya matiti ilikuwa imefika hadi kwenye ubongo. Alishakubaliwa, lakini sheria ilitaka aulizwe tena siku yenyewe, naye aliogopa kwamba ubongo ungemsaliti kabla ya hapo. Alitamani kuiona Krismasi moja zaidi. Akafa tarehe 1 Novemba 2018, mapema kuliko alivyotaka, akiwa bado na uwezo wa kusema ndiyo. Marekebisho ya 2021 yakamruhusu mtu wa hali yake, ambaye kifo chake kiko karibu, kuweka makubaliano ya maandishi yatakayotumika hata akipoteza fahamu.

Kwa ugonjwa wa kusahau mambo huwa magumu maradufu. Mwaka 2016 daktari mmoja Uholanzi alimsaidia kufa mwanamke wa miaka 74 aliyekuwa ameandika zamani kwamba hataki kuishi katika makao ya wazee akiwa hajitambui, ila akaongeza kwamba ataamua mwenyewe wakati ukifika. Wakati ulipofika hakuweza tena kuamua. Daktari alimtilia dawa ya usingizi katika kahawa bila kumwambia, na hata hivyo mwanamke aliinuka wakati wa sindano, ndugu zake wakamshika. Daktari alishtakiwa, akaachiwa huru 2019, na Mahakama ya Juu ikasema 2020 kwamba ombi la maandishi la zamani linaweza kufuatwa. Je, aliyeandika ile karatasi na aliyeinuka kitandani ni mtu mmoja? Mahakama ilijibu swali la sheria. Lile jingine bado linanisumbua, na sijawahi kusoma jibu lililonitosha.

Wanaomba kwa sababu gani

Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini mgonjwa aombe kufa, atakujibu: maumivu. Oregon imekuwa ikikusanya sababu tangu mwanzo, na maumivu hayako juu. Kwa kawaida zinazoongoza ni kupoteza uhuru wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyoipa siku ladha, na kupoteza heshima. Maumivu, au hofu ya maumivu yajayo, hutajwa na wachache zaidi. Na karibu nusu husema pia kwamba wanahofia kuwa mzigo kwa familia na wanaowauguza.

Sababu hiyo ya mzigo ndiyo inayowatia wasiwasi wapinzani, na wana haki ya kuwa na wasiwasi. Watu wenye ulemavu wamekuwa wakiuliza, hasa Kanada baada ya 2021: kama mtu hapati msaidizi wa kumwogesha wala nyumba anayoweza kupita na kiti chake cha magurudumu, lakini daktari wa kumsaidia kufa anapatikana, hiari hapo ina maana gani? Wanaounga mkono hujibu kwamba kumnyima mtu chaguo la mwisho kwa sababu jamii imemnyima mengine ni kumwadhibu mara mbili. Hoja zote mbili zina nguvu, na hazifutani.

Huduma ya shufaa inaingia papo hapo. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwauguza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamii na ya roho kwa pamoja, na yote hutibiwa. Yeye alipinga kusaidiwa kufa. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu milioni 56.8 wanaohitaji huduma hiyo kila mwaka, ni asilimia 14 tu wanaoipata. Penye uhaba huo, anayeomba kufa kwa sababu usiku haupiti anaweza kuwa anaomba mofini tu. Ndiyo maana sheria zilizoandikwa kwa uangalifu humtaka daktari aeleze kwanza kila kinachoweza kupunguza mateso, na si kukitaja harakaharaka kama anayesoma masharti ya mkopo.

Dini kubwa nazo kwa ujumla zimekataa, kwa msingi kwamba uhai ni amana na mwenye amana si sisi. Chama cha Madaktari Duniani kilirudia kupinga mwaka 2019. Anayesema mjadala umekwisha, upande wowote, hajausikiliza.

Kisanduku

Mgonjwa akishakubaliwa Victoria, dawa haichukuliwi katika duka la dawa la mtaani. Wafamasia wa kituo kimoja cha jimbo zima humfuata alipo. Wanabisha hodi, wanahakikisha ndiye yeye, wanakaa naye. Wanamweleza dawa ni ipi, inaandaliwaje, na kwamba hana wajibu wa kuitumia. Wanaacha kisanduku chenye kufuli. Kabla ya hapo mgonjwa ameshateua mtu, mara nyingi ndugu au rafiki, ambaye kazi yake kuu kisheria ni moja: ikiwa dawa haikutumika, airudishe.

Kazi hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Oregon, tangu 1997, takriban mtu mmoja kati ya watatu walioandikiwa dawa hakuinywa. Baadhi ugonjwa uliwahi. Wengine waliiweka kabatini wakaishi nayo wiki na miezi, wakala, wakapokea wageni, wakafa usingizini. Wamesimulia wauguzi na familia kwamba kwa watu hao kuwa nayo ndani ya nyumba kulitosha: hofu ya kunaswa katika mateso yasiyo na mlango ilipungua, na usingizi ukarudi.

Zoezi zima la kuomba mara tatu, mashahidi, mkalimani, siku za kusubiri, kwao liliishia katika jambo ambalo halikuandikwa kwenye fomu yoyote. Baada ya mazishi, ndugu aliyeteuliwa anakichukua kisanduku kutoka juu ya kabati, kufuli likiwa vilevile lilivyofungwa siku ile, na kukirudisha kwa mfamasia, ambaye anahesabu kilichomo na kusaini kwamba amekipokea kikiwa kamili.